Nyuma ya Mlima

Jumanne usiku, mwezi wa tatu

Redio ya upepo, ya kuitana na gari la hospitali, bado kimya. Sista ameniagiza niizime, betri isiishe. Betri! Kama betri ndiyo inayozaa. Nimeitikia, "Ndiyo, Sista," na sijaizima.

Shuleni tulisimuliwa habari za wale waliokaa huku duniani wakiwaongoza wenzao mwezini. Chombo kikipita nyuma ya mwezi, sauti ilikatika. Lakini walijua dakika ya kutokea upande wa pili. Mimi sijui.

Shemeji Komba, dereva wetu wa hospitali, aliondoka Kihagara, kule ziwani, mchana na mama aliyeshikwa na uchungu. Mlima humficha kila safari, akifika juu huniita. Kabla ya kupanda aliniuliza, "Shemeji, hali ya huko vipi? Nipite njia ya mkato?"

Nilichungulia dirishani. Jua. Nikamwambia, "Panda tu, shemeji, kumekauka."

Hapa Mbinga kulikuwa kumekauka. Kule mlimani sioni kutoka hapa, na njia yenyewe imechimbwa na malori ya hawa wanunuzi wapya wa kahawa.

Sasa mvua imeanza kupiga bati. Inatokea upande wa ziwani.

Imepitia kwake kwanza.