Muuguzi niliyemficha vibaya

Jumamosi, mvua. Imeanza kabla ya misa ya kwanza na bado inapiga mabati ya jirani.

Nimebadilisha majina na mahali. Aliyehusika zaidi nimemuomba ruhusa, akanipa. Hata hivyo nimeandika na kufuta mara nne kabla ya kufika mstari huu, kwa sababu kuandika kwangu ndiko kulikomponza mtu mwingine.

Huu ni mwezi wa tano wa staji yangu, mafunzo yangu ya kazini. Wanaonisoma tangu mwanzo wanakumbuka nilivyofurahi: shirika la misaada, ofisi hapa Ibanda, na zaidi ya yote staji ya kulipwa. Wengi niliomaliza nao masomo ya afya ya jamii wanafanya staji za bure, mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, kazi yao kubeba makaratasi ya wengine. Mimi nilipewa meza, kompyuta na kazi ya kweli: kutafiti jinsi kanuni za afya zinavyofanya kazi zikishafika vijijini.

Kanuni tuliyoichunguza ni rahisi kueleza. Katika zoni moja ya afya, yaani eneo lenye hospitali yake na vituo vidogo, mama mwenye mimba ya kwanza haruhusiwi kujifungulia katika kituo kidogo. Lazima apelekwe hospitali. Kwenye karatasi ni kanuni nzuri, na aliyeiandika alitaka kuokoa watu. Sisi tulitaka kujua nini kinatokea barabara ikiharibika.

Nilitembelea vituo vinne. Katika cha tatu nilimkuta muuguzi ambaye hapa nitamwita Maman Riziki. Ana miaka hamsini hivi, mfupi, na sauti yake ya chini inakulazimisha usogee. Alijibu maswali yangu yote kama mtu anayesoma kitabu. Nilipofunga daftari aliangalia kinasa sauti, akaniuliza kama bado kinafanya kazi. Nikakizima mbele yake.

"Miye nabapokeaka," alisema. "Bamama ba mimba ya kwanza. Mvua ikinyesha gari haipandi, pikipiki inaanguka. Nimuambie nini? Arudi? Nabazalishaka hapa, kisha naandika mu rejista kama alizalia mu njia."

Alijua kuwazalisha hapo, kisha kuandika kwamba walijifungulia njiani, ni kosa. Lakini lililomuuma zaidi lilikuwa jambo lingine: wakubwa wakisoma rejista wanadhani wanawake wa huko wanachelewa kwa uzembe, kumbe walifika kwa wakati, wakagonga mlango.

"Andika, bajue," akasema. "Lakini jina yangu isitoke."

Nilimuahidi.

Jina halikutoka. Katika rasimu ya ripoti niliandika "muuguzi mwanamke aliyehudumu katika kituo chake kwa miaka kumi na tisa." Katika vituo vyote vinne, hakuna muuguzi mwingine mwanamke. Sikuhitaji kumtaja. Yeyote anayeijua zoni ile angemuona amesimama pale.

Na sasa ungamo lenyewe. Niliposoma rasimu mara ya pili, niliona.

Niliona, nikaacha.

Niliacha kwa sababu sentensi ilikuwa nzuri. Ile miaka kumi na tisa iliipa uzito. Papa Deo, msimamizi wangu, mtu asiyesifu hovyo, alikuwa ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Hapa ripoti inapumua." Staji inaisha mwezi ujao na kuna nafasi moja tu ya mkataba. Nikajiambia hakuna atakayehesabu wauguzi. Nikajiambia wengine watasoma kabla haijatumwa, na kama kuna tatizo wataliona. Hawakuliona. Wao hawajafika kule. Niliyefika ni mimi.

Jumatatu rasimu ilitumwa kwa wadau watoe maoni, pamoja na ofisi ya zoni. Jumatano mchana, nikiwa mbele ya sahani ya bugali na sambaza, dagaa wetu wa ziwani, simu ikalia.

"Nabintu, uliandika nini juu yangu?"

Maman Riziki hakupandisha sauti. Daktari mkuu wa zoni alikuwa amempigia na kumtaka ofisini kwake Ijumaa saa tatu, aje na rejista ya uzazi. "Alinisomea maneno yangu mu telefone," akasema. "Sijaambiaka mutu mwingine ile maneno. Weye tu."

Nilisema pole. Akakata simu.

Nilienda moja kwa moja kwa Papa Deo na kumweleza yote, pamoja na kwamba niliona. Akavua miwani. Nilitegemea anifokee, lakini alizungumza polepole, na hiyo ikawa mbaya zaidi. Alisema rasimu ni ya shirika na yeye ndiye aliyeipitisha. Ataomba irudishwe, na aya ile itaondolewa. Kisha akasema, "Ijumaa usiende. Ukionekana pale ni kama tunathibitisha kwamba ni yeye. Na zoni ikitufungia mlango, utafiti wote umekwisha, si wa kwako tu."

Alikuwa na hoja. Hilo ndilo lililonitesa mpaka jioni: woga wangu na hoja yake vilikuwa vinaelekea upande mmoja, na sikuweza kujua ninafuata kipi.

Saa kumi na moja nilimpigia Maman Riziki. Nikamuuliza kama nikienda nitamponza zaidi.

"Daktari alishajua," alisema. "Ukuye."

Alhamisi asubuhi nikamwambia Papa Deo kwamba nitaenda, kwa sababu Maman Riziki mwenyewe ameniita. Hakunizuia. "Basi unaenda kwa jina lako," akasema, "si kwa jina la shirika." Nikaacha beji yangu juu ya meza yake.

Jana, Ijumaa, nilifika ofisi ya zoni kwanza. Maman Riziki alikuja amevaa kikwembe, kitenge chake cha Jumapili, rejista ameifunga ndani ya mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua, viatu vimejaa matope hadi kisigino. Alinisalimia kwa mkono, bila kunikumbatia. Akakaa kwenye benchi la korido, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati yetu. Tulisubiri zaidi ya saa nzima. Katika muda huo wote aliniuliza neno moja tu, kama nimekula. Nikasema hapana. Akasema, "Miye pia."

Daktari ni kijana kuliko nilivyodhani, na amechoka machoni. Nilikuwa na hotuba niliyoifanyia mazoezi siku mbili: kwamba mimi ndiye niliyeandika, kwamba niliahidi kumficha na sikumficha, kwamba kosa ni langu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo ni kati yako na shirika lenu," akasema. "Mimi nauliza juu ya rejista."

Akamgeukia Maman Riziki. Alitaka kujua, kati ya wale wote walioandikwa kwamba walijifungulia njiani, ni wangapi kweli walijifungulia njiani. Nilimuomba Mungu ili Maman Riziki akane, aseme ni wote. Ndiyo, mimi mtafiti, nilikuwa naomba mtu aseme uongo.

Maman Riziki akatoa chini ya rejista kaye ya shule, daftari ambalo jalada lake limechanika. Ndani yake kulikuwa na kila mama: siku, saa aliyofika, nani alimsindikiza, barabara ilikuwaje, uzazi ulikwendaje. Yote kwa wino wa bluu, mwandiko mdogo na mnyoofu.

"Rejista ni ya zoni," akasema. "Hii ni ya ukweli."

Daktari alisoma akiwa amesimama. Alifungua ukurasa baada ya ukurasa, kisha akarudi kwenye wa kwanza kabisa na kuweka kidole kwenye mstari wa juu.

"Huyu?"

"Huyu alikufa. Yeye sikumupokea. Nilimutuma hospitali, sawa vile mulisema. Alifia ku daraja, yeye na mutoto wake." Akafunga vifundo vya mfuko wa plastiki mapajani. "Tangu pale njo nilianza kubapokea."

Daktari alikaa chini. Nje kulikuwa na watu wanaocheka, na mlango ulikuwa mwembamba, tuliwasikia wote.

Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya ofisi. Kuandika uongo katika rejista ni kuandika uongo katika rejista, na hawezi kuliacha jambo hilo lipite. Akampa ile barua ambayo kila mfanyakazi wa serikali nchini hapa anaiogopa, ya kutakiwa kujieleza kwa maandishi. Jibu lifike Jumatatu asubuhi. Mpaka hapo asizalishe mtu yeyote kituoni. Kisha akashika ile kaye na kuomba abaki nayo.

Maman Riziki akafikiri. "Utabaki nayo," akasema, "lakini andika hapa kama uliipokea kwangu, na utie sinyature."

Daktari akaandika kwenye karatasi kwamba ameipokea, akatia sahihi, akampa. Mimi niliangalia sakafu. Nilijua ni nani aliyemfundisha kutoamini ahadi za mdomo.

Tulipotoka tulisimama chini ya ukingo wa bati. Nilingoja anigombeze, na ingekuwa nafuu.

"Nilikuamini juu ya vile ulizima ile mashini," akasema. "Kumbe shida haikukuwa mashini."



Kisha akaniuliza kama nina kalamu, kwa sababu jibu linatakiwa kwa Kifaransa cha ofisi na yeye hataki kukosea. Tukaingia katika mgahawa mdogo ng'ambo ya barabara, tukaagiza chai. Niliandika, nikamsomea kila sentensi na kumweleza kwa Kiswahili, naye akaamua. Niliandika kwamba alitenda kwa ujasiri. "Futa." Niliandika kwamba anawapenda wagonjwa wake kama watoto wake. "Futa hiyo pia." Kila mahali kalamu yangu ilipotaka kupendeza, alinisimamisha. Mwishowe ikabaki nusu ukurasa, na sijawahi kuandika kitu kilichonyooka kama kile.

Nikamuuliza kama tuombe msamaha.

Akanywa chai. "Kwa rejista, ndiyo," akasema. "Kwa bamama, hapana."

Leo asubuhi Papa Deo ameniandikia ujumbe wa mistari miwili. Rasimu imerudishwa. Jumatatu saa nne wakuu watakaa juu ya jambo langu. Hakuna salamu, na sijui kama hiyo ni hasira au ni haraka. Mama yangu ananiona nazunguka ndani ya nyumba na ameacha kuniuliza. Nadhani mkataba umekwenda. Inauma, sitajifanya haiumi. Lakini kila nikijaribu kujihurumia nakumbuka kwamba mimi nikifukuzwa nitatafuta kazi nyingine, na yeye ana kituo kimoja tu.

Jumatatu saa mbili tutapeleka barua pamoja. Saa nne nitakuwa mbele ya wakuu wangu, na nitawaambia jambo moja zaidi: wasiiondoe aya yote. Watoe kilichomfichua, lakini waache kwamba wanawake wanafika kwa wakati. Hilo alilisema ili lijulikane, na hilo nalo nilimuahidi.

Maandishi haya nimemsomea kwa simu kabla ya kuyaweka hapa. Alinisimamisha mahali pamoja, nikatoa sentensi mbili. Tulipomaliza, mvua ilikuwa inasikika kwake pia. Nikamuuliza atafanya nini leo, kama mama mwenye uchungu wa kwanza akigonga.

Alinijibu. Jibu lake sitaliandika.