Wati za Emiliana

Ihumwa, Dodoma
Tarehe 8 Juni, 2025

Mpendwa mpwa wangu Ernest,

Shikamoo uliyoituma kwa simu ya Paulina imenifikia, marahaba. Kifua kinaendeleaje na baridi ya huko Tukuyu? Mkeo na mtoto hawajambo? Sisi tu wazima, upepo tu ndio unatuchapa. Mtama tumevuna magunia saba. Mimi mgongo bado mzima. Pale kwenye mashine ya alizeti vijana wakishindwa na gunia wananiita.

Umeuliza kama mdogo wako Emiliana amepata nafasi kwenye timu ya kunyanyua vyuma. Nilikuwepo mwenyewe, kwa hiyo usisikilize ya wengine.

Nafasi ilikuwa moja, na Ruthu wa Nkuhungu alishapata wati elfu moja na hamsini. Wati ndiyo nguvu, kama zile za taa. Wanafunga kamba nyembamba kwenye chuma, inaingia kwenye kidude sakafuni, ukinyanyua kompyuta inatoa namba. Kilo unachagua mwenyewe. Unajaribu mara tatu, inachukuliwa namba kubwa.

Emiliana nimemfundisha mimi, miezi minane, kwa magunia. Nilimwambia anyanyue taratibu, maana gunia ukilikurupusha linapasuka. Siku ya majaribio nikamwekea kilo tisini. Akazipandisha kwa heshima zote. Wati mia nne na sabini. Nikasema mashine mbovu hiyo, ongezeni! Kilo mia: mia tatu na tisini.

Kocha wao, mama mmoja anaitwa Debora, akaniuliza, "Mzee, hapo ananyanyua au anabembeleza mtoto?" Watu wakacheka. Nikamwambia mimi nilimtoa ng'ombe wa Joshua kisimani peke yangu, kwa pembe.

"Ulitumia muda gani?"

"Asubuhi mpaka adhuhuri."

"Basi wati zako haziwashi hata tochi."

Ndipo akaeleza kuwa mashine inapima uzito pamoja na kasi. Kizito kikienda polepole, namba inashuka.

Emiliana jasho linamtoka, amebakiwa na mara moja. Nikafungua mdomo. Akasema, "Mjomba, nakuheshimu, ila hii niachie." Akapunguza vyuma mpaka kilo hamsini. Hamsini, Ernest! Nilitamani kujifunika uso. Akachuchumaa, akaking'oa kile chuma kama mtu aliyeona nyoka chini yake. Elfu moja mia moja na arobaini!

Amepita. Kesho anaingia kambini.

Sasa nikwambie ukweli. Kidogo tu ningemkosesha. Miezi minane sikumwambia hata siku moja afanye haraka, na yeye alinitii kwa kuwa ni mimi. Hilo mama yako usimsomee. Kesho namsindikiza hadi mlango wa kambi. Begi alitaka kubeba mwenyewe, nimemkatalia.

Msalimie dada yangu, mama yenu, na mkeo Hilda, na jirani yenu mzee Anyitike. Mungu awape afya na mvua za kutosha, na akizidisha huko atumegee na sisi.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Mjomba wako Matonya