Jembe la Mahari ya Dieudonné

Mabamba, Kibondo
21 Septemba 1997

Mpendwa mdogo wangu Rosa,

Salamu nyingi kutoka kwa kaka yako Pasikali. Hujambo huko Ulyankulu? Shemeji hajambo? Kifua chake kimepoa, au tumbaku bado inamsumbua? Sisi huku tu wazima. Mama watoto anaumwa goti la kushoto, lakini mdomo hauumwi. Mimi ni mzima kabisa. Wazee wenzangu wanatembelea fimbo, mimi fimbo yangu naibeba kwa heshima tu.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu, sikumwomba mtu. Nilisoma miaka miwili tu kwa mapadri, lakini herufi zangu unazijua, kubwa na zinasimama. Leo ni siku ya tatu naandika. Kama mstari umepanda juu, ni meza, siyo mimi.

Pesa uliyotuma kwa mkono wa dereva ilifika yote, elfu tano, pamoja na karatasi yako iliyosema ni ya jembe la mahari, la mhunzi, siyo jingine. Niliisoma. Nikasema moyoni, tangu lini Rosa ananifundisha mimi kununua kitu?

Sasa sikiliza yaliyotokea.

Mtoto wetu wa mwisho, Dieudonné, amepata mchumba kule Makere, Kasulu. Jina lake Prudence, wa watu wa kwetu, waliokimbia mauaji wakavuka mpaka mwaka ule ule tuliovuka sisi. Ng'ombe nilimtoa, na hakuna aliyemtia dosari. Vitenge nilitoa. Pombe ya ndizi nilisimamia mwenyewe, na wakwe wakaisifu. Likabaki jembe, lile ambalo binti huondoka nalo kwao. Nikafikiri, siku hizi jembe la mahari halilimi, linatundikwa ukutani. Kwa nini nitoe elfu tano kwa kitu cha kuonyesha? Kwenye gulio yamejaa majembe mapya mepesi, yamepakwa rangi nyekundu, kwa mia nane. Nikalipata kwa mia saba, maana mimi muuzaji hanichezei. Nikabandua karatasi yake ya kiwandani, nikakwangua rangi, nikalipaka mawese likang'aa kama la zamani. Pesa iliyobaki nikanunua kofia ya pama. Nakwambia mwenyewe kwa sababu utayasikia tu kwa mama watoto.

Tukafika Makere, mimi, Dieudonné na mshenga wetu Rigobert. Uani kumejaa watu. Jembe likapelekwa kwa bibi yake Prudence, mama mkongwe, macho yamekwisha. Katika ukoo wao yeye ndiye anayelipokea. Akalishika mkia, ule unaoingia kwenye mpini, kwa vidole viwili, likaning'inia, akaligonga kwa pete yake ya shaba. Likalia ta, basi. Kama kifuniko cha sufuria.

Msemaji wao akauliza, "Baba Dieudonné, na sufuria yenyewe mmeileta, au tuifuate kesho?"

Watu wakacheka mpaka majirani wakaja kuchungulia. Mimi sikurudi nyuma. Nikawaambia jembe ni jembe, la gulio na la mhunzi yote yanaingia udongoni. Rigobert akanivuta koti. "Mzee, nyamaza, tutakosa mke." Sikunyamaza.

Bibi peke yake hakucheka. Akaingia ndani akipapasa ukuta, akatoka na kitu kimefungwa kwenye kitenge. Lilikuwa jembe lake mwenyewe la mahari. Rosa, limelika mpaka limebaki kama kiganja cha mtoto. Akaligonga.

Sijui nikuandikie vipi. Sauti ilitoka ndogo, halafu ikawa inaendelea. Mbuzi aliyefungwa pale akageuza shingo. Mimi nimesikia kengele za misheni tangu mtoto, sijapata kusikia chuma kikilia hivyo, kama kina pumzi ndani yake. Tukakaa kimya kuingoja ikwishe, nayo ilichelewa kwisha.

Akasema, "Mkwe, mwaka wa sabini na mbili niliacha nyumba, nikaacha vyungu, nikabeba hili. Nimelimia viazi. Nimewachimbia kaburi watoto wangu wawili njiani, kwenye mawe. Huyu Prudence amekula kwa hili mpaka amekuwa mkubwa. Wewe unataka nimtoe na hilo lako. Likivunjika siku ya shida atachimba na nini, na kofia yako waliyoniambia?"

Akatupa majuma mawili. Jembe lisipopatikana, ng'ombe arudi Mabamba na binti abaki kwao.

Dieudonné hakusema neno njia nzima, na wewe unamjua, huyo ni kasuku. Kimya chake kiliniuma kuliko kama angenitukana.

Nikaulizia mhunzi wa zamani. Wakaniambia amebaki mmoja, Mzee Isihaka wa Gwarama. Nikauza mbuzi, nikapanda lori la chumvi, nikamkuta anakula muhogo. Nikamtajia elfu mbili. Akaendelea kutafuna. Nikapanda mpaka elfu tatu. Akasema, "Mzee mwenzangu, kwa elfu tatu nitakuuzia maneno." Mwisho tukaelewana elfu nne na ile kofia, maana aliitamani tangu nashuka kwenye lori. Ilimkaa vizuri kuliko mimi, lakini hilo usimwambie mtu.

Siku mbili nilikaa pale navuta mivukuto ya kuchochea moto, kwa umri huu wangu, na wala sikuchoka. Alichukua kipande cha springi ya lori, chuma kizito, akakitia motoni. Kila akipiga nyundo mara kadhaa anainamisha sikio kama daktari. Jioni ya kwanza jembe likawa tayari, zuri, mimi ningelichukua. Akaligonga, akakunja uso, akalirudisha motoni lote.

Nikamwambia, "Umeliharibu."

Akasema, "Umelipia jembe, mzee. Hili bado."

Siku ya pili lilipotoka motoni lilikuwa linawaka kama jua la asubuhi, na yeye akaligeuza pole pole kama anamgeuza mtoto mchanga. Mtu huyu hajui kuandika jina lake. Mimi najua, nikajiona mdogo mbele yake. Usishangae, ni mara ya kwanza.

Tukarudi Makere. Bibi akaligonga. Likalia, likaendelea kulia, naye akafumba macho akaitikia kwa kichwa taratibu mpaka sauti ikaisha. Akamwita Prudence, akamlazia jembe mikononi. Akasema, "Ukilima, lima na hili. Na ukikimbia, kimbia na hili." Nilikuwa nimetunga hotuba ndefu ya shukrani. Rigobert ndiye aliyeshukuru kwa niaba yangu.

Ndoa itafungwa kanisani Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi. Mkipata nafasi mje.

Sasa neno ambalo limenichelewesha siku tatu. Rosa, mwaka wa sabini na tatu baba alikuwa amekwisha kufa, na mimi ndiye niliyepokea mahari yako huko Ulyankulu. Wakwe walisema tuwangoje kidogo watafute jembe. Nikawaambia jembe waache, walete pesa. Ulikuwa umekaa mlangoni, ulisikia. Miaka ishirini na minne hukunitamkia hilo. Nilipopata karatasi yako nilidhani unanifundisha kununua. Sasa nimeelewa kwa nini ulituma pesa ya jembe peke yake, hukutuma ya kitu kingine.

Nisalimie sana shemeji, umsalimie mwanao Eugénie na mume wake, na jirani yako Kuruthumu aliyetupikia siku ile ya msiba. Mama watoto anakusalimu, Dieudonné anakusalimu, ameanza kusema tena. Mungu aliyetuvusha mto Malagarasi usiku ule awalinde wote mnaolala nyumbani kwako.

Juma lililopita nilirudi Gwarama. Isihaka akanitajia elfu sita. Nikalipa sita. Jembe lako atalileta dereva yule yule. Likifika usilitie mpini kwanza. Ligonge, ukae kimya.

Wako akupendaye tangu nakubeba mgongoni,
kaka yako,
Pasikali Ndayikunda