Maji ya Arusi Yetu

...na ndiyo maana, Kogo, nyanya yangu, asubuhi hii nilipomtazama Chebet akifunga kitambaa cha kichwa mbele ya kioo changu cha kunyolea, nilikukumbuka wewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Ni mke wangu sasa, nyanya! Mke wangu! Nimelirudia neno hilo mpaka ananicheka: "Nimesikia, mume wangu, nimesikia."

Lakini arusi nusura ivunjike, na wewe ndiye uliyeiokoa.

Tangu ututoke, mto umeharibika. Kile kiwanda cha kupasulia mbao kilichojengwa juu yetu msituni, bila mtu kutuuliza, humwaga mafuta machafu ya injini majini. Maji yanang'aa rangi rangi kama shingo ya njiwa. Nyuki wameihama mizinga ya baba iliyokuwa ukingoni.

Nawe unajua desturi yetu: maji ya pombe ya asali hutoka kwa bwana arusi, na mjomba wa bibi arusi huyaonja kabla asali haijatiwa. Mjomba wake alionja, akatema. "Kijana, unaoa binti yetu au trekta?" Watu wakacheka. Mimi sikuweza. Akasema hamwachi mtoto wao mahali pasipo na maji ya kunywa. Chebet wangu aliinama, nikaona chozi likimdondoka mkononi.

Hapo nikakusikia, kama ulivyonikemea utotoni fimbo mkononi: "We Kiprono, toa miguu humo! Watoto wako watakunywa nini?" Ile chemchemi yako nyuma ya mianzi, uliyoizungushia mawe kwa mikono yako! Nilikimbia na kibuyu kama mwendawazimu. Mawe yalikuwa pale pale. Maji baridi, Kogo, safi kabisa. Nililia, kisha nikacheka peke yangu.

Mjomba alionja. Akaonja tena. "Haya," akasema, "tieni asali."

Asante. Asante kwa mawe yale, na kwa fimbo pia. Wazee wanakwenda kumwona meneja wa kiwanda, nami nitawasemea kwa Kiingereza changu cha shule: mafuta yachimbiwe shimo, mto wetu uachwe. Sijui kama atasikia. Asiposikia tutarudi tena. Na chemchemi yako tutailinda, naahidi. Chebet amekwisha ng'oa magugu yote pembeni.

Pumzika, nyanya yangu. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja kaburini kwako, mimi na mke wangu (umesikia?), na kibuyu cha maji yako. Wewe utaonja kwanza.