Kuchaguliwa Si Kutia Saini

Palma,
Jumamosi, 9 Novemba 2013

Mpendwa kaka Jamaldine,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Mtwara, na wifi Sabina amepona mgongo wake. Sisi huku hatujambo. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini akishakunywa chai ya tangawizi anarudi kugombana na kuku wa jirani, kwa hiyo afya ipo.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Cassimo, aliyevuka Rovuma na mzigo wake wa vitenge. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili nilikasirika, ya tatu nikachukua kalamu.

Umenigombeza kwa mambo mawili kana kwamba ni moja: kwamba nilimpoteza Delgado, na kwamba nimekataa kazi ya kampuni. Tena ukanitupia methali, mchagua jembe si mkulima. Haya, nisikilize na mimi.

Nianze na Delgado. Ule mchezo wa kompyuta wa besiboli ya Wamarekani ulinifundisha wewe mwenyewe. Ulisema kila msimu timu huchagua vijana kwa zamu, lakini kijana uliyemchagua si wako mpaka atie saini kabla ya siku ya mwisho. Misimu michache ya mchezo iliyopita uliniachia mimi timu yetu ya Rongui nichague. Nikaona mrushaji wa miaka kumi na minane anaitwa Delgado, nikamchukua. Kweli, nilimpendea jina. Nani wa mkoa huu angemwacha mwenye jina la mkoa wenyewe?

Nikampa ahadi ndogo ya pesa, nikiamini hana pengine pa kwenda. Akakataa. Nikangoja mpaka siku ya mwisho aogope, hakuogopa, akaenda zake chuoni. Nilimtukana kijana ambaye hata duniani hayupo, mpaka mwenye duka ninakofanya kazi akaniuliza nina ugomvi na nani. Ukifungua flashi ya mchezo ninayokutumia utamwona: timu nyingine ilimchagua baadaye, ikampa alichotaka, na sasa kila tukikutana naye vijana wetu wanapiga hewa.

Sasa hiyo kazi. Unajua napiga chapa na kutoa kopi pale dukani karibu na soko. Bwana Domingos, mtu wa kusini, anafanya kazi katika kampuni moja inayowahudumia watu wa gesi. Alikuwa akija kutoa kopi, akanisikia nawasomea wazee karatasi zao za Kireno kwa Kiswahili. Siku moja akanitangazia kwamba nimechaguliwa kuwa mkalimani wa mikutano katika vijiji vinavyotakiwa kuhama kuipisha gesi hiyo. Nitie saini kabla ya Ijumaa. Mjomba Mwinyimadi alishachinja kuku.

Nikausoma mkataba kama ninavyosoma karatasi za wachezaji wetu, mpaka maandishi madogo. Mkataba ulisema mkalimani haongezi neno lake. Na mkutano ukiisha bila mtu kupinga, yeye anatia saini kuwa shahidi kwamba kijiji kimekubali, siku hiyo hiyo.

Kaka, wewe umezaliwa huku. Lini umemwona mtu wa kwetu anampinga mgeni mbele ya watu? Mgeni anaitikiwa mpaka amalize, anapewa madafu, anasindikizwa. Jibu linakwenda nyumbani kwanza, watu wanalala nalo, kina mama wanalikoleza, ndipo linaletwa kesho yake. Kuna kijiji upande wa Olumbi kilifanya adabu hiyo, na wazee walipopeleka jibu lao asubuhi wakaambiwa limeshaandikwa.

Nilimwomba Bwana Domingos waandike tu kwamba jibu litapokewa kesho yake. Akatabasamu, akanikumbusha kwamba nina mpaka Ijumaa. Hapo nikamwona Delgado mbele yangu. Mtu yule alikuwa ananingoja niogope, kama nilivyomngoja kijana wa watu. Ijumaa ilipita nikiwa dukani natoa kopi za vyeti vya shule.

Mjomba hasemi nami tangu siku ile. Na methali yako naikubali, lakini hapa jembe ni mimi, kaka. Jembe nalo lina haki ya kuuliza linakwenda kulima shamba la nani.

Jumatano hii watu wa kampuni walikwenda kijijini kwa bibi yetu Haula. Nami nilikwenda, nikakaa mkekani na kina mama, sina cheo wala beji. Mkalimani waliyemleta alisema Kiswahili safi cha redioni, na watu wakamwitikia kila sentensi, eee, eee. Mwisho akauliza kama kuna anayepinga. Kimya. Akashika kalamu.

Bibi akapaza sauti, na ninajua masikio yake hayana ubovu wowote: "Wee Sumaia! Kanena nini huyo? Hebu tuelezee na sie."

Nikasimama. Nikawaeleza yote, hata lile la saini, kwamba kimya chetu kinaandikwa kuwa tumekubali. Bwana Domingos akaniita msichana kwa Kireno chake, "Menina, wewe huna mkataba hapa." Nikamjibu kwamba ndiyo maana ninaweza kusema.

Bibi akajifunga kanga vizuri, akamgeukia mkalimani. "Mwanangu, maneno yako tumeyasikia. Madafu hayo, kunywa. Jibu njoo kesho."

Yule mkalimani akaiweka kalamu chini. Kesho yake walirudi, wakakuta maswali yanawangoja, la kwanza kuhusu makaburi. Sisemi tumewashinda, gesi ipo na wao ni wengi. Lakini mpaka leo ile karatasi haina saini, na maswali waliyoyaandika ni yetu.

Flashi namkabidhi Cassimo pamoja na barua hii. Msimu huu zamu ya kuchagua ni yako. Ukimchagua mtu, mpe kinachomstahili, usimngoje aogope.

Nisalimie wifi Sabina na Khamis mdogo. Mama anakusalimu, na Bibi anauliza lini utakuja kula samaki wa nazi. Mungu awafunike nyote kwa rehema zake.

Mwaka huu nimetia saini mahali pamoja tu, napo ni hapa chini.

Dada yako akupendaye na asiyejuta,
Sumaia