Saa Kumi, Njoo Unihesabie

Kwa mdogo wangu mpenzi,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha wifi yangu, kisha watoto wote, mkubwa kwa mdogo. Natumaini mnalala salama na mnaamka salama, na kwamba lile goti lako linalosumbua wakati wa baridi limekuhurumia mwaka huu. Ukiniuliza hali yangu, mapafu yamepona. Daktari ameyasikiliza mbele na nyuma, akasema ni safi. Kwa hayo mapafu namshukuru Mungu. Kwa mengine yote nina hasira, na wewe unanijua, hasira yangu haijui kukaa kimya, kwa hiyo vuta kiti.

Najua utashangaa kuuona mwandiko wangu. Miaka kumi na moja tunaonana misibani na harusini tu, tunashikana mikono, kila mtu anarudi kwake. Leo nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti, si kitandani, na kiti chenyewe nimekipigania.

Niliingia hospitali hii kwa miguu yangu. Hilo naomba ulishike. Nilikuwa na homa ya mapafu, nakohoa mpaka machozi, lakini ngazi za mlangoni nilizipanda mwenyewe na mkoba wangu nikaubeba mwenyewe. Mwanamke aliyekanyaga cherehani miaka arobaini na miwili haingii mahali kwa kubebwa. Basi mpwa wako, binti yangu, akaja na mapenzi yake. Akanilaza. Akaniletea beseni ili nisiende bafuni. Akanilisha kwa kijiko, mimi niliyemlisha yeye. Nikishusha mguu mmoja tu, anaurudisha juu kama mtu anayerudisha sahani kabatini. Wauguzi wakamsifu. Bi Redio wa kitanda cha pili, ambaye hanyamazi hata akiwa na kipimajoto mdomoni, akaitangazia wodi nzima kwamba mimi nimezaa. Na mimi, mjinga, nikajivuna.

Siku ya nane homa ilikuwa imekwisha, nikasema sasa naenda bafuni kama watu wengine. Nikashusha miguu, nikasimama, magoti yakakataa. Hayakuuma hata kidogo. Yalikataa tu, nikarudi kitandani puu, kama gunia. Siku nane, mdogo wangu! Nilipojitazama mapaja, ngozi ilikuwa inaning'inia kama nguo ya kuazima. Nililia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira.

Hapo ndipo alipoletwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Ni mama wa makamo, mnene, mwenye raba nyeupe, na wodi nzima inamwita Mama Tena kwa sababu hajui neno jingine. Ukisimama, anasema tena. Ukimwambia umechoka, anasema pole, tena. Alinieleza kwamba mtu wa umri wetu akilazwa, nyama za miguu zinaisha upesi, na hakuna dawa ya chupa inayozirudisha. Kinachozirudisha ni kazi, na kazi hiyo inaanzia hapa hapa wodini, haingoji nyumbani. Nikamuuliza alikuwa wapi siku zote hizo. Akasema alikuja mara mbili, na mara mbili aliambiwa na binti yangu kwamba nimelala.

Kazi yenyewe ni hii: nakunja mikono kifuani, nanyanyuka kitini bila kujishika, nasimama wima, kisha nakaa polepole bila kujibwaga. Halafu nashika ukingo wa kitanda na kusimama kwa vidole. Halafu ananifunga mfuko wa mchanga kifundoni, nikiwa nimekaa, nanyoosha mguu mpaka goti linyooke. Mfuko ule alikuwa ameushona mtu asiyejua aibu, mchanga unavuja shukani. Nikaomba sindano na uzi, nikaushona upya, na nikauongezea mchanga kidogo. Mama Tena aliuinua, akanitazama, akaufunga.

Siku ya kwanza nilisimama mara moja, na hiyo moja kwa kusaidiwa. Siku ya tatu nikasimama mara mbili peke yangu. Daktari akanipa sharti lake waziwazi. Nikiweza kusimama mara tano bila mikono, na kutembea hadi dirisha la mwisho wa korido na kurudi, ataniruhusu nirudi kwangu, kwenye chumba changu na cherehani yangu. Nikishindwa, nitakwenda kukaa kwa binti yangu. Kumbe binti yangu amekwisha kunitandikia kitanda huko! Cherehani ameihamishia sebuleni kwake, ameifunika kitambaa, na juu yake ameweka televisheni. Televisheni, juu ya cherehani inayofanya kazi! Aliniambia kwa upole kwamba angalau nitakuwa naiona kila siku.

Kesho yake aliingia wodini mapema kuliko kawaida yake, wakati nanyanyuka mara ya tatu. Magoti yanatetemeka, jasho linanitoka, Mama Tena anahesabu, Bi Redio anashangilia kama yuko uwanjani. Binti yangu akaangusha chupa ya chai. Akamsukuma Mama Tena pembeni, akanikalisha kwa nguvu, akapaza sauti. Akauliza ni nani huyo anayetaka kumuua mama yake. Akasema mama yake si wa kufanyiwa majaribio, na kwamba maadamu yeye yu hai, hapa hatasimamishwa mtu. Akaenda kwa muuguzi mkuu, na kabla ya jioni karatasi ikabandikwa juu ya kitanda changu, kwamba nisishushwe bila idhini ya familia. Idhini ya familia! Na mimi ni nani, mpangaji? Siku tatu nikalala tena. Katika zile mara tatu nilizozitolea jasho ikabaki moja.

Utauliza ulimi wangu ulikuwa wapi, kwa sababu hata Bi Redio aliuliza. Nilinyamaza kwa kuwa maneno yale niliyafahamu. Yalikuwa yangu, neno kwa neno.

Unayakumbuka. Nilikwambia wewe, kando ya kitanda cha mama. Ulikuwa unakuja kila siku saa kumi, unavuta kiti, unamsimamisha, unamhesabia mpaka kumi, na mama anacheka kwa sababu ukifika saba unajifanya umesahau, unarudi tano. Nilikufukuza mbele ya wauguzi. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, neno langu ndilo lililosikika. Binti yangu alikuwepo, msichana wa miaka kumi na tisa, ameshika beseni, anasikiliza. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kutunza wazee alijifunza kwangu.

Sasa nakwambia usilolijua, na nalisema upesi kabla sijajionea huruma. Ukoo mzima unajua kwamba mama alianguka akavunjika nyonga, mpaka akafa, kwa sababu ya mazoezi yako. Mimi ndiye niliyesema hivyo msibani kwake, mbele ya wajomba zetu. Nilisema mfupa ulianza kupasuka mikononi mwako, ukaja kumalizikia baadaye. Wewe uliinamisha kichwa, na nilipoona umeinamisha, nilijua umeamini.

Ni uongo. Nilipokufukuza nilimlaza mama siku kumi na saba. Kila ikifika saa kumi alikuwa anakuuliza, anasema saa yake ya kuhesabiwa imefika. Nilimwambia una shughuli. Siku ya kumi na saba nilitoka kwenda kunywa chai. Alikungoja, akaona huji, akashusha miguu mwenyewe. Nilimkuta sakafuni. Daktari aliniita peke yangu, akaniambia mfupa ule ulikuwa mzima mpaka dakika ile, na kwamba kilichomwangusha ni miguu iliyokwisha kwa kulazwa. Nilimwambia nimeelewa. Halafu nikaenda msibani nikakutwika wewe mzigo huo, na nimekuacha nao miaka kumi na moja.

Kwa hiyo siku zile tatu nilizolala nikimlaani mpwa wako kimoyomoyo, nilikuwa nyani asiyeona kundule. Yule mtoto si mbaya. Anaogopa. Anaamini bibi yake aliuawa kwa kusimamishwa, na aliyemwaminisha ni mimi. Hasira haijaniisha, usidhani. Imebadilisha anwani tu.

Majuzi nilimwita muuguzi mkuu, nikamwambia familia ni mimi, akili ninazo, na karatasi ile nikaichana mbele yake. Mama Tena amerudi. Leo asubuhi nimesimama mara tatu. Ya nne nilishika kiti, na yeye hakuihesabu, na alifanya haki.

Mtihani wa daktari ni Alhamisi. Barua hii anaileta mpwa wako mkononi, mpaka mlangoni kwako. Bahasha sikuifunga kwa makusudi. Namjua, ataisoma kabla hajafika langoni. Nilipaswa kumwambia usoni, nimeshindwa. Huo nao ni woga, uuongeze kwenye mengine. Ukimwona anasimama hapo mlangoni kwako macho mekundu, mkaribishe ndani, mpe maji.

Sikuombi unisamehe kwa kalamu. Nakuomba uje Alhamisi saa kumi. Uvute kiti kama ulivyokuwa unakivuta. Usinishike, hata nikiyumba, na mpwa wako akitaka kunishika umzuie wewe. Kazi yako ni kuhesabu. Nakuomba tu ukifika nne usijifanye umesahau, maana mimi si mvumilivu kama mama.

Nisalimie wifi na wanangu wote. Bi Redio naye, ambaye ameniona nikiandika tangu asubuhi na hajui naandika nini, na inamtesa, anasema nikusalimie.

Mama alikungoja saa kumi siku kumi na saba, na niliyekuzuia ni mimi. Alhamisi nitaanza kukungoja saa tisa.

Ni mimi, dada yako mkubwa,
Fundi.