Kompyuta ya Marehemu Kaka

Jumatatu, 3 Juni
Binti wa marehemu kaka kaniletea laptopu ya baba yake. Kizee kitupu. Ukiiwasha utaoga, utavaa, utarudi, bado inajifikiria. Ndani kuna kitabu alichokuwa akiandika kaka, habari za ukoo wetu, miaka sita. Binti anataka kukichapisha.
"Ba'mdogo, si ulisema wewe ndiye uliyefunga kompyuta zote za benki?"
Mbele ya mama yake! Nikasema zote, na ya meneja niliifunga nimefumba macho.
Ukweli, nilizibeba tu. Kutoka kwenye lori hadi ghorofa ya tatu. Kubeba nako ni kazi ya kompyuta.

Jumanne, 4 Juni
Fundi simu wa pale kona kanipa flashi yenye Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya ule wa zamani. Anasema ni nyepesi, inafufua hata maiti. Ila kwanza nihamishe mafaili ya zamani. Nikamwambia nilianza kufunga kompyuta yeye bado anatambaa. "Haya, injinia," akamkonyeza mteja wake.
Sikuuliza yanahamishwaje.

Alhamisi, 6 Juni
Linux inagoma kuingia. Skrini nyeusi, maandishi meupe yanashuka kama mvua. Mara ya nne hii.
Shemeji, mjane wa kaka, kapita, kauliza ile ya benki ilichukua muda gani. Asubuhi moja, nikamjibu. Akaguna. Mguno wa kaka kabisa — nikisimulia jambo lolote alikuwa akiuliza, "Hiyo ni ya kweli au ni yako?" Lazima kaka kaniandika humo kitabuni. Sura nzima, pengine.

Ijumaa, 7 Juni
Imekubali! Iliniuliza kama ifute diski yote. Nikajua ni yale matakataka yanayoipa uzito. Nikabonyeza ndiyo. Sasa inawaka kabla hujamaliza chafya. Nimeita majirani waone.
Saa kumi — natafuta kitabu. Hakuna.

Jumamosi, 8 Juni
Fundi kafukua na programu zake, katoa nusu ya picha ya paka. Basi. "Si nilikwambia, mzee?"
Nikisema nilikosea, nani ataamini? Watasema nimeifuta sura yangu. Miaka yote nimewapa uongo wakaupokea kwa vicheko. Leo nina ukweli mmoja na hauna mnunuzi.

Jumapili, 9 Juni
Wamekuja, binti na mama yake. Binti kaiwasha, kacheka mwenyewe.
"Mama, ona. Safari hii ba'mdogo hakudanganya."
Shemeji hakuguna. Kanivutia kiti.
"Na kitabu cha baba?" binti akauliza.
Nikasema bado kinajipanga, Linux ina taratibu zake. Akauliza kitajipanga mpaka saa ngapi. Nikasema ngojeni niwachemshie chai.
Naandika hapa jikoni. Maji yamechemka, nimeyamwaga, nimebandika mengine. Huko sebuleni binti anafungua folda moja moja, anasoma majina kwa sauti. Muziki. Picha. Nyaraka.
"Mama, humu hamna kitu."
Shemeji kaguna.